Bustani ya mtaa ipo, kituo cha jamii kipo, watu hawapo: tujenge ukuta au tufanyeje?

SWALI: Habari mtaalamu. Mtaani kwetu tuna bustani ya umma na ndani yake kuna kituo cha jamii, jengo zuri tu, lina ukumbi, vyumba viwili na choo. Zamani watu walikuwa wanajaa ila siku hizi mchana ni patupu, jioni wanakaa vijana peke yao na akina mama wanaogopa kupita. Kituo kinafunguliwa kukiwa na mkutano au mtu akikikodi. Sasa kamati imepata hela kidogo ya ukarabati, wengi wanataka tujenge ukuta na geti la kufunga usiku, wengine wanataka tukate miti ya upande mmoja tupate maegesho ya magari. Mimi ni katibu wa kamati na sijui niwaambie nini. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada katibu, asante kwa swali na nashukuru umeeleza vizuri, sababu jibu lako kwa kweli lipo humohumo kwenye maelezo yako, tena kwenye sentensi umeipitisha haraka kama sio ishu: kituo kinafunguliwa kukiwa na mkutano au mtu akikikodi. Mimi naona hapo ndo penye ugonjwa. Vijana ni dalili tu, ukuta hautibu, na miti haijakosea kitu. Mna jengo katikati ya bustani ambalo siku nyingi lina kufuli, na kila anayepita akiliona lile kufuli anajua hapa hapana mwenyewe, kwa hiyo anayebaki kuja ni yule tu ambaye hataki mwenyewe awepo. Kama hela ni kidogo ianze na huo mlango, kuufungua na kumpata mtu wa kuufungua kila siku, mengine yote nitakayoandika huku chini yanategemea hilo.

Watu wengi wanadhani kituo kuwekwa ndani ya bustani ni suala la nafasi tu, kwamba palikuwa na kiwanja cha umma basi wakajenga hapohapo. Sivyo, ni wazo lililofikiriwa na lina historia yake. Mwaka 1884 kule mashariki mwa London ilianzishwa Toynbee Hall, nyumba ambayo wasomi walikuja kuishi katikati ya mtaa maskini na kuifanya sehemu ya masomo, vikundi na mikutano ya wakazi, na mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakafungua ya kwao Chicago, Hull House, ambayo miaka michache baadae ikaweka na uwanja wa watoto kuchezea. Alafu ikaja 1905, hapohapo Chicago, tume iliyokuwa inasimamia bustani za upande wa kusini wa jiji ikafungua mfululizo wa bustani ndogo ndogo za mitaa, nyingi kwenye maeneo ya wafanyakazi na wahamiaji karibu na machinjio na viwanda, watu waliokuwa wanaishi wamebanana na wasio na muda wala nauli ya kwenda kwenye zile bustani kubwa za mbali. Mandhari walipanga Olmsted Brothers, kampuni ya wabunifu wa bustani, majengo yakachorwa na ofisi ya msanifu majengo Daniel Burnham, na ndani ya majengo hayo kulikuwa na jimu, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali, mabafu, ukumbi, vyumba vya vikundi na baadhi hata chumba cha kusomea cha maktaba ya jiji. Na kulikuwa na wafanyakazi wa kulipwa wa kuongoza michezo na shughuli. Kwa hiyo bustani ilipewa jengo ili watu wawe na sababu ya kuja hata siku ya baridi, hata mtoto asiyejua mpira, hata mama ambaye hawezi kukaa tu kwenye benchi bila kuulizwa anafanya nini pale. Jengo lilikuwa ndo injini, na injini ikizimwa hata uweke nyasi mpya na bembea mpya hakuna kinachotembea.

Na hili halipo kwenye historia tu, limepimwa. Kuna watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wakiongozwa na Deborah Cohen walifuatilia bustani za mitaa kule Los Angeles, tano zimekarabatiwa kwa hela nyingi na tano hazijaguswa ili kulinganisha, matokeo wakayatoa 2009. Unajua kilichotokea? Watu walisema wanajisikia salama zaidi kwenye zile zilizokarabatiwa, ila idadi ya watumiaji kwa ujumla ilishuka kote, kwenye zilizokarabatiwa na zisizokarabatiwa, na sababu waliyoiona ina uzito mkubwa ni kwamba shughuli zilizopangwa kwenye ratiba zilikuwa zimepungua. Yani jimu mpya ikakosa watu na wakati huohuo darasa la mazoezi lililofutwa ndo lilikuwa linawaleta. Soma hiyo mbele ya kamati yako kabla hawajanunua tofali hata moja.

Sasa ukuta. Naelewa kabisa kwa nini watu wanautaka, mtu akiogopa kitu cha kwanza anafikiria kukizungushia ukuta, na ukuta una raha moja, unaonekana, kamati inaweza kupiga nao picha. Lakini fikiria ukuta unafanya nini kwa yule mama anayeogopa kupita. Leo hii akiwa barabarani anaona ndani, anajua nani yupo, anaamua apite au asipite. Ukishajenga ukuta haoni ndani, na akiwa ndani barabarani hawamuoni, na akitaka kukimbia kuna geti moja tu ambalo huenda ndo palepale walipokaa wanaomtisha. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Bryant Park ya New York, iko nyuma ya maktaba kuu ya jiji kabisa, sio vichochoroni. Ukarabati wa miaka ya 1930 uliinyanyua juu ya usawa wa barabara na kuizungushia fensi ya chuma na vichaka, milango michache, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa soko la wauza madawa, watu wa kawaida hawaingii. Mtafiti mmoja, William H. Whyte, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na kuangalia watu wanavyotumia sehemu za wazi, aliombwa ushauri na akasema tatizo lake kubwa ni kujificha, ifunguliwe. Ikafungwa 1988 kwa matengenezo, ikafunguliwa tena 1992, vichaka vimetolewa, milango imeongezwa na kupanuliwa, vyoo vimefufuliwa, na viti vya kuhamishika vimemwagwa kwenye nyasi ili mtu akae anapotaka, juani au kivulini, peke yake au na wenzake. Leo inajaa. Whyte alikuwa na kipimo kimoja nakipenda sana, alikuwa anaangalia wanawake ni wangapi, sababu wanawake ndo wanachagua kwa makini zaidi wapi pa kukaa, kwa hiyo wakianza kupungua ujue kuna kitu hakijakaa sawa hata kama bado hakuna aliyelalamika.

Kuna fensi moja nitaikubali bila ubishi, ile fupi ya kama mita moja, ya kuona ndani, upande wa watoto wadogo kama unapakana na barabara yenye magari. Hiyo ni ya kuzuia mtoto asikimbilie mpira barabarani. Zaidi ya hapo, na hasa hilo geti la usiku, uliza swali moja tu kikaoni: nani atalifunga kila siku saa ile ile, nani atazunguka kwanza kuhakikisha hakuna mtu ndani, na nani atalifungua alfajiri kwa wanaofanya mazoezi? Kama mna mtu wa kufanya hiyo kazi kila siku bila kukosa, basi tayari mna mtu wa kufungua kituo, mpeni huo mlango badala ya geti.

Kabla ya kutumia hela, fanyeni hesabu. Hii haigharimu kitu, kalamu na karatasi tu. Kuna mbinu watafiti wa bustani wanaitumia inaitwa SOPARC na mnaweza kuifanya kwa namna rahisi. Chora ramani ya bustani kwa mkono, igawe vipande vidogo ambavyo mtu akisimama sehemu moja anaona kipande chote: uwanja, bembea, mbele ya kituo, chini ya miti, njia ya kukatisha. Alafu watu wawili wapite mara nne kwa siku, asubuhi, mchana, alasiri na jioni, siku za kazi na za wikiendi, kwenye kila kipande wasimame, wapitishe macho kutoka kushoto kwenda kulia mara moja tu na kuandika waliopo: mwanamke au mwanaume, mtoto, kijana, mtu mzima au mzee, na anafanya nini, amekaa, anatembea au anatoa jasho. Msichukue picha za watu wala majina. Wiki moja ya hivo itawapa kitu ambacho kikao hakijawahi kuwa nacho, maana mara nyingi kila mjumbe anaongelea bustani aliyoiona siku moja akipita. Utakuta labda asubuhi wazee wapo ila hawana pa kukaa, au saa za watoto kutoka shule wanapita wengi tu ila hawasimami sababu hakuna cha kuwasimamisha. Na utajua hao vijana ni wangapi hasa na wanakaa kuanzia saa ngapi, sio kwa kusikia.

Kwa upande wa akina mama fanyeni zaidi ya kuhesabu, fanyeni matembezi. Mwaka 1989 shirika la METRAC la Toronto, Canada, lilitengeneza utaratibu wa wanawake kukagua wenyewe usalama wa sehemu zao, na umeigwa nchi nyingi. Unakusanya wanawake wachache, wa umri tofauti, awepo na anayetembea kwa magongo au anayesukuma kigari cha mtoto ikiwezekana, mnapita usiku kwenye njia zile zile wanazoziogopa na kila mtu anasema anaposimama: hapa sioni mbele, hapa nikiita hakuna atakayenisikia, hapa taa inanipiga machoni afu nyuma yake ni giza. Mnaandika sehemu kwa sehemu. Mara nyingi inakuja orodha fupi na rahisi kuliko mlivyodhani, kichaka kimoja, kona ya nyuma ya jengo, taa mbili. Vichaka vya kando ya njia vishushwe visizidi urefu wa mita moja na matawi ya miti yapandishwe kufikia kama mita mbili, ili pawe na nafasi ya macho kupita katikati. Taa ziwekwe kwenye njia inayopita watu na kwenye mlango wa kituo, mwanga uliotulia na ulioenea ni bora kuliko taa moja kali inayoacha vivuli vizito. Kona ambayo hamtaki watu waende usiku msiiwekee taa kabisa, mtawaalika.

Haya, vijana. Dada yangu niseme wazi hapa, hao ndo wateja waaminifu pekee mliobaki nao. Wanakuja kila siku bila kuitwa, kwenye sehemu ambayo haina hata kiti kizuri. Kama kuna uhalifu hasa, wizi, kupiga watu, hiyo ni kazi ya polisi na isemwe hivyo kwa jina lake. Lakini mara nyingi malalamiko ni "wanakaa tu", na kukaa ndo kazi ya bustani. Shida inakuja wakiwa wao peke yao, na dawa yake ni kuongeza wengine, sio kuwaondoa wao. Waulizeni, kwa heshima, na sio mbele ya kikao chenye wazee kumi waliokunja uso, aende mtu mmoja wanayemheshimu akae nao palepale. Watasema wanachotaka, na mara nyingi ni kidogo: soketi ya kuchaji simu, goli lenye nyavu, chumba kimoja jioni mbili kwa wiki cha muziki au kompyuta, na mtu asiyewafukuza.

Ila mkishawauliza vijana waulizeni na mabinti, tena mbali na wavulana. Hapa nina mfano naupenda kuliko yote. Vienna, Austria, miaka ya 1990 waligundua kwamba watoto wa kike wakishafika kama miaka tisa au kumi wanatoweka kwenye bustani za mitaa, wavulana wanabaki. Sio kwamba walikatazwa, ila wakigombania nafasi na wavulana walikuwa wanaiacha. Mwaka 1999 wakachukua bustani mbili za wilaya ya Margareten wakazipanga upya: njia zikatengenezwa vizuri zipitike, ule uwanja mmoja mkubwa ukagawanywa kwa majani na vinyanyuko kuwa sehemu kadhaa, na zikawekwa nafasi za mpira wa wavu na badminton. Na kwenye vile viwanja vya mpira vilivyozungushiwa wavu wakaongeza milango. Fikiria kiwanja chenye kimlango kimoja, wavulana watatu wakisimama pale binti haingii, hata kama hawajamwambia neno. Ongeza milango miwili upande wa pili na habari imebadilika. Mabinti walirudi, na wavulana hawakufukuzwa. Kwa hiyo kwenye ukarabati wenu kama mna kiwanja kimoja kikubwa kinacholiwa na kundi moja, kigaweni, hamhitaji kiwanja kipya.

Turudi kwenye jengo, na hapa nataka uende wewe mwenyewe ukasimame mbele yake uangalie. Kwanza mlango unatazama wapi? Nimeona vituo vingi sana vimegeuzia bustani mgongo, mlango uko upande wa barabara, na upande wa bustani ni ukuta mtupu wenye vidirisha vidogo vya juu na mabomba ya maji machafu. Kama ni hivo na mna hela ya kazi moja tu ya ujenzi, basi ni hiyo, fungueni mlango na madirisha makubwa upande wa bustani, na nje yake wekeni kibaraza chenye paa na mabenchi yanayotazama watoto wanapochezea. Mtu akikaa pale yupo kituoni na yupo bustanini kwa wakati mmoja, mzee anasoma gazeti, mama anasubiri mtoto, msimamizi anafanya kazi zake na jicho liko nje. Hakuna kamera inayoshinda hilo.

Kizingiti nacho kiangaliwe. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya kiti cha magurudumu ni mteremko wa 1 kwa 12, yani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inataka njia ya mita 1.8. Sio kitu kikubwa, fundi anaimaliza haraka, ila nimekuta ngazi mbili tu zimewafungia nje wazee, walemavu na kila mama mwenye kigari. Mlango wenyewe ukifunguka uache nafasi ya sentimita 80 na kitu.

Choo. Naomba nikae hapa kidogo sababu kamati huwa zinakiruka, wanaona aibu kuzungumzia. Choo ndo kinaamua mtu akae bustanini dakika kumi au saa tatu. Mama mwenye watoto wawili, mzee, mjamzito, binti aliye kwenye siku zake, hawa wote wanapiga hesabu ya choo kabla ya kutoka nyumbani. Choo chenu kama kinaingiliwa kwa ndani ya ukumbi basi ukumbi ukifungwa na choo kimefungwa. Toboeni ukuta mkiwekee mlango wa nje, upande unaoonekana kutoka kwenye kibaraza, sio nyuma ya jengo ambako hata mchana mtu anaogopa. Maji ya kunawa, ndoano ya kutundika mkoba, kitasa cha ndani kinachofunga kweli, taa. Kisafishwe kwa saa zinazojulikana na anayesafisha aweke alama kwenye karatasi mlangoni. Vyoo vya Bryant Park vinasifiwa na wageni kama vile ni kivutio cha utalii, na haikutokea kwa bahati, waliamua kwamba hapo ndo mtu anapopima kama sehemu inajali watu.

Alafu ufunguo. Niambie ufunguo wa kituo uko kwa nani? Naamini uko kwa mtu mmoja, mwenyekiti au mtunza stoo, na akisafiri kituo kimesafiri. Funguo ziwe kwa watu watatu wa makundi tofauti, na daftari la kusaini. Ila hiyo ni ya kuanzia tu, lengo liwe msimamizi wa kulipwa hata kama ni nusu siku. Msichanganye na mlinzi. Mlinzi mnampa kazi ya kuzuia na atazuia, atawazuia hadi watoto. Msimamizi mnampa kazi ya kupokea watu, anajua majina, anatoa mpira na kuurudisha, anaona bembea imelegea anaandika, anamuuliza mzee mbona jana hakuonekana. Akipatikana mmoja wa aina hiyo, na huwa wapo mtaani hapohapo, wengine wamestaafu ualimu au unesi, mmemaliza nusu ya kazi.

Saa za kufungua zianze chache lakini zisibadilike. Kufungua kwa masaa matatu kila siku, siku zote za wiki, muda ule ule, ni bora kuliko kufungua mchana kutwa leo na kesho kufuli, sababu mtu akija akakuta pamefungwa mara mbili harudi tena. Mimi ningechagua saa za watoto kutoka shule, ukumbi uwe na meza na mwanga wa kufanyia homuweki, kuna kundi la watu wazima litafuata lenyewe. Alafu ongezeni kitu kimoja asubuhi kwa wazee na kimoja jioni kwa vijana, kila kitu kipewe miezi mitatu kabla ya kukihukumu. Ratiba ibandikwe nje kwa herufi kubwa na ile ya mwezi uliopita itolewe, hakuna kitu kinaua imani kama tangazo la zamani lililopauka. Na kukodisha ukumbi kwa sherehe sikatai, hela inahitajika, ila saa za umma zisiuzwe hata aje mwenye hela nyingi. Siku mkiahirisha darasa la watoto sababu kuna mtu kalipia ukumbi, mmewaambia watoto wote ukumbi ni wa nani.

Hela ya kukodi iende kwenye akaunti ya matunzo na hesabu yake ibandikwe palepale kwenye ubao wa ratiba, kila mwezi. Ukarabati ni hela ya mara moja, matunzo ni ya kila siku, na bustani nyingi zinakufa kati ya hizo mbili. Milton Keynes kule Uingereza walilielewa hili mapema, 1992 bustani za mji wakazikabidhi kwa shirika la kujitegemea lililopewa na majengo ya kupangisha, kodi ya majengo ndo inatunza bustani, haitegemei nani kashinda uchaguzi. Nyie hamna majengo ya kupangisha lakini kanuni ni ile ile, kabla ya kununua kitu chochote iandikwe nani atakisafisha, nani atakitengeneza na kwa hela ya wapi, kikikosa jibu kisinunuliwe.

Mkigusa vifaa vya watoto kuwa makini na vitu viwili vinavyoumiza zaidi. Chini ya bembea na mtelezo pasiwe zege wala udongo mgumu, jazeni mchanga au vipande vya mbao kina cha kama sentimita 30 na muwe mnavikusanya vikitawanyika. Na uwazi wowote kwenye vyuma au ngazi ulio kati ya kama sentimita 9 na 23 ni hatari, mwili wa mtoto unapita ila kichwa kinanasa. Chukua rula kapime mwenyewe.

Sheria za bustani mzitunge na watumiaji. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanavyotunza mali ya pamoja, misitu, maji ya kumwagilia, sehemu za kuvulia, na akakuta zinazodumu ni zile ambazo wanaozitumia ndo wanashiriki kutunga sheria, wanaangaliana wenyewe, na adhabu inaanza ndogo. Kibao chenye "hairuhusiwi" tisa kilichotungwa ofisini hakuna mtu anayekitii. Waiteni vijana wa jioni, wazee wa asubuhi na akina mama, mkubaliane mambo manne au matano, kelele mwisho saa ngapi, mpira uchezwe wapi, taka ziende wapi, akivunja anaambiwa na nani.

Mwisho ulisema kuhusu miti na maegesho. Piga hesabu hii kikaoni. Gari moja likiegeshwa linachukua kama mita 2.5 kwa 5, ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia inafika mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Magari kumi ni mita za mraba 250 na zaidi, uwanja mzima wa mpira wa wavu ni 9 kwa 18, yani 162. Mnataka kukata miti ili magari kumi ya watu wa mkutano yakae mara mbili kwa mwezi, kwenye kituo ambacho watumiaji wake wanatakiwa kuja kwa miguu. Ofisi ya Ulaya ya shirika la afya duniani inapendekeza bustani iwe ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, mwendo wa dakika tano hivi, na hiyo ndo maana nzima ya bustani ya mtaa. Wekeni nafasi mbili karibu na mlango kwa wenye ulemavu na moja ya kushushia mizigo, basi. Miti iacheni, chini yake wekeni mabenchi yanayotazama kituo, kivuli cha mti mkubwa hakinunuliki na ukikata leo wanaokuja kukaa tena kivulini ni wajukuu. Na kwa kuwa wewe ndo katibu, hizo namba za mita za mraba ziandike kwenye muhtasari wa kikao neno kwa neno, sababu kamati ikibadilika hilo wazo la maegesho litarudi tena na atakayekuwa hapo hatakuwa na hesabu.